Mbegu za Mama Mzalishaji

Kijijini kwetu, kwenye barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare, mwanamke akijifungua alikuwa anapokea vitu viwili kutoka mikono ileile. Kwanza alipokea mtoto, amekwisha kufutwa na kufungwa kwenye kitenge. Halafu, akishakunywa uji na kusinzia kidogo, alipokea fundo la kitambaa lenye mbegu za nyanya.

"Huyu iko na kazi yake ya kunyonya," Mama Mzalishaji, mkunga wetu, alikuwa anamwambia mzazi. "Na weye iko na kazi yako. Akianza kukaa peke yake, nataka kumukuta amekaa katikati ya nyanya."

Mimi nilipewa mafundo hayo kila nilipojifungua, na la kwanza ndilo lililonitia katika biashara ya mboga. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nadhani wengi wetu hatukulijua. Alikuja kwetu akikimbia vita upande wa Kabambare, na walisema kwamba watu wengine walipokimbia na sufuria au mbuzi, yeye alikimbia na wembe mpya kwenye karatasi yake, pamoja na mbegu alizofunga kwenye pembe ya kitenge. Habari za nyuma ya hapo hakuzisema, nasi hatukumchimba.

Nyanya zake zilikuwa kubwa, zenye mikunjo juu kama kibeti kilichokazwa kamba. Ukizikata, hazikuwa na maji mengi. Zilistahimili baiskeli. Wanaume walizipakia kwenye makapu na kuzisukuma siku kadhaa mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, na zilifika zikiwa bado zinaitwa nyanya. Nyingine zote zilifika zikiwa mchuzi. Kwa hiyo, pole pole, bonde zima la kijito chetu likawa na mbegu moja tu, ya Mama. Waislamu walikuwa nayo, Wakristo walikuwa nayo, na hata mwalimu wa shule ya misheni, mtu mwenye kiburi asiyeomba kitu kwa mtu, alimtuma mkewe kuiomba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakula nyanya. Alisema zinamwasha ulimi. Sombe yake, majani ya muhogo, aliipika na mawese na chumvi, basi. Nilimwuliza mara moja kwa nini basi anahangaika nazo, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana miguu.

"Kwani mimi nazaa?" alisema. "Si nazalisha tu?"

Hakuwa na mtoto. Alilisema hilo bila kulia, akiendelea kung'oa majani.

Kwenye kazi ya uzazi alikuwa mtu mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona. Nyumba nzima ingeweza kupiga kelele, mama mkwe akilia upande huu na mume akitembea kama kuku upande ule, yeye aliketi chini, akakunja kitenge chake, akasema, "Pumzi kwanza. Maneno iko mengi, itatungojea." Mume aliyezidi kusumbua alitumwa kutafuta kuni, hata kama kuni zilikuwepo. Na alijua mpaka wake. Akiona mambo yanakwenda asivyopenda, hakungoja aibu wala dua. Alisema mara moja, "Huyu ni wa lopitali," na pikipiki ilitafutwa wakati bado kuna muda. Manesi wa Kasongo walimheshimu kwa hilo.

Lakini ukimkuta bustanini ilikuwa kama umekutana na dada yake mwenye hasira. Huko aligomba. Alipita bustani za watu bila kuitwa, akivunja machipukizi yaliyoota kwapani mwa matawi ili mche usipoteze nguvu, na huku akitukana. "Nani alipanda hivi? Umezipanda kama unazika panya!" Alivunja kwa kucha ya kidole gumba, taf, taf, taf, kutoka mche hadi mche, kutoka kwangu hadi kwa jirani, na kutoka kwa jirani hadi ng'ambo ya kijito. Hatukumzuia. Mche uliopita mkononi mwake ulizaa vizuri, na kila mtu aliliona hilo kwa macho.

Mikono yake naikumbuka kuliko uso wake. Kabla ya kumgusa mwanamke aliiosha kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni ilikosekana, mpaka viwiko, akiikwangua chini ya kucha kwa kijiti. Maji yake yalichemshwa mbele ya macho yake. Wembe ulikuwa mpya, na mtu asiyekuwa na wembe mpya alitukanwa, halafu akapewa wa Mama. Alifundishwa hayo zamani kwenye kituo cha afya, naye aliyashika kama sala. Hata mtu akimletea mtoto wa kumbeba tu, alinawa kwanza.

Bustanini hakunawa. Hakuna mtu aliyenawa bustanini. Nani angenawa kwa ajili ya nyanya?

Ugonjwa ulianza katika sezoni moja ya kiangazi, wakati miche ilikuwa imefika kiunoni na matunda ya kwanza yanaanza kuvimba. Niliuona kwangu asubuhi nilipokwenda kumwagilia. Mche mmoja ulikuwa umelegea upande mmoja tu. Upande wa pili ulisimama mzima, mbichi, kama mtu aliyepooza nusu ya mwili. Nilidhani ni kiu, nikaumwagia maji. Kesho yake ulikuwa vilevile, na jirani yake ameanza. Pembe za majani zikakauka zikawa kahawia. Kwenye shina kukatokea mpasuko mrefu. Na matunda yaliyokuwa mabichi yakaota vidoa vidogo, kila kimoja kina kitovu cha kahawia na duara jeupe pembeni, kama jicho la ndege linalokutazama.

Tulisema ni jua. Halafu tulisema ni umande. Wengine walianza kusema ni mtu, na majina ya watu yakatajwa, jambo linaloanza haraka kwetu na kuisha kwa taabu. Mama Mzalishaji aliyakata maneno hayo kwa ukali. "Mukitafuta mutu hamutamuona mugonjwa," alisema, na akamwambia mwalimu, aliyekuwa na simu, amwite moniteri wa kilimo, mshauri wa wakulima.

Moniteri alikuja kwa baiskeli, mtu mwembamba, mpole, anayezungumza chini kana kwamba anakuletea habari ya msiba hata anapokusalimu. Alizunguka bustani nyingi. Kisha alitukusanya kwenye ukingo wa kijito, akachukua shina la mche mgonjwa akalipasua kwa kisu katikati. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mstari wa rangi ya kutu.

"Ugonjwa huu ni wa vidudu ambavyo jicho halioni," alisema. "Vinaweza kukaa kwenye mbegu. Mbegu inaonekana nzuri, inaota, mche unakua, unafurahi. Matunda yakianza, ndipo unaona. Hakuna dawa ya kuuponya mche ulioshikwa. Kuung'oa tu na kuuchoma. Na ardhi hii muipumzishe na nyanya, mpande mahindi au maharagwe."

"Na unapitaje toka huyu mpaka huyu?" Mama Mzalishaji aliuliza. Alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Maji yakiruka, Mama. Kisu. Na mikono, ukimgusa mgonjwa halafu ukamgusa mzima. Hasa mahali penye kidonda, pale ulipovunja chipukizi."

Watu walikuwa wanatazama chini.

"Ile ya kukaa kwenye mbegu," Mama alisema tena, sasa pole pole. "Ni sawa vile mama mwenye ugonjwa kwenye damu anamupatia mutoto tumboni?"

"Karibu vile, Mama."

"Na mama mwenyewe anaonekana muzima."

"Ndiyo. Anaweza kuonekana mzima."

Aliitikia kwa kichwa. Kati ya watu wote waliokuwa pale, nadhani ni yeye peke yake aliyeielewa habari ile mpaka mwisho. Sisi tulisikia maneno ya mboga. Yeye alisikia maneno ya kazi yake. Aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma, akaishusha.

Moniteri aliona. Alikuwa mtu mwema; alimfuata pembeni, nami nilikuwa karibu nikamsikia. Alimwambia hajui kwa hakika ugonjwa umetoka wapi. Hakuna mahali karibu pa kupima mbegu. Alimwambia pia kwamba kuna njia ya kuziweka mbegu kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, kwa muda, ili kuua vidudu, ingawa si mara zote vinakufa vyote. "Weka kidogo, Mama," alisema. "Tujaribu pamoja."

"Nikiweka kidogo nitagawa," Mama alijibu. "Najijua."

Kuanzia siku ile alianza kupita nyumba kwa nyumba. Alizipitia nyumba zote alizowahi kuingia kupokea mtoto, na hiyo ilikuwa karibu kila nyumba. Nilimfuata kumbebea kikapu kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua. Kila mahali aliketi, akakataa chakula, akasema maneno yaleyale: "Nimekuja kuomba mbegu nilizokupa. Ni mbaya. Ni mimi niliwaletea ugonjwa, kwa mbegu na kwa mukono yangu. Munisamehe."

Nilimwambia njiani asiseme hivyo. "Mama, moniteri mwenyewe hajui. Sema tu mbegu ni mbaya, inatosha."

"Mwanamuke akiniuliza kwa nini mutoto wake amekufa," alisema, "nimwambie 'mutoto ni mubaya'? Nasema yote ninayojua. Ndiyo kazi."

Wengi walimpa. Wengine walimpa huku wakilia, maana walikuwa wameziandaa kwa sezoni nyingine, zimekauka vizuri, zimefungwa darini juu ya moshi wa jiko. Feza, jirani yangu aliyefiwa na mume, aliyekuwa anasomesha watoto kwa nyanya peke yake, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Ulinipa siku ya mutoto wangu Ramazani kuzaliwa," alisema. "Ulisema ni ya mutoto. Sasa unakuja kumunyang'anya mutoto?"

"Nakuja, mwanangu. Nipe."

Feza aliingia ndani, akatoka na kopo, akalimwaga chini mlangoni, mbele ya miguu yetu, kisha akafunga mlango. Mama Mzalishaji alipiga magoti kwenye vumbi. Nilitaka kufagia kwa ufagio, akakataa. Ufagio ungeziacha nyingine kwenye nyufa. Akaziokota mbegu kwa ncha za vidole, moja moja, na kuku wa Feza wakamzunguka, naye akiwafukuza kwa kiwiko. Feza alikuwa anamwona kupitia mwanya wa mlango. Najua, kwa sababu baadaye mlango ulifunguka akatoka, akapiga magoti naye, wakamaliza pamoja.

Tulizichoma nyuma ya jiko lake, asubuhi, pamoja na miche yote iliyong'olewa. Miche ilitoa moshi mzito wa kijani, na mbegu zililia ndani ya moto kama mvua ndogo juu ya bati. Mwishoni alikunjua kitenge chake cha zamani, kile alichokimbia nacho, ambacho hakuwahi kukivaa tangu afike kwetu. Alishika fundo lile la mbegu lililokuwa pembeni muda mrefu. Nilifikiri atalirudisha ndani. Akalitupa na kitenge chote.

"Haya," alisema. "Twende tukanawe."

Hapo ndipo hadithi yake ingepaswa kuwa imekwisha: mtu mwema alikosea, akasema, akasafisha. Lakini watu hawakubaki na maneno ya moniteri. Walibaki na maneno ya Mama mwenyewe. Kisimani nilianza kuyasikia: "Alisema kwa kinywa chake, ni mukono yangu." Halafu: "Mukono unaokausha nyanya, unakausha nini kingine?" Halafu mtu fulani alimkumbuka mtoto aliyefariki zamani kwa homa, na mwingine akakumbuka mimba iliyotoka. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote, vilikuwepo katika kila kijiji. Sasa vilipata mwenyewe. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba vidudu vya nyanya havimshiki mtu. Walimsikiliza kwa adabu na kwenda zao.

Wanawake waliacha kumwita. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu. Mwenye uchungu alipelekwa kwa shangazi, au kwa bibi fulani kijiji cha jirani, au alijikaza mpaka pikipiki ije. Mama Mzalishaji aliendelea kuchemsha maji yake kila asubuhi na kuyafunika, kisha kuyamwaga jioni kwenye migomba. Nilikwenda kukaa naye. Alikuwa akisuka mkeka, akisikiliza barabara. Siku moja tulisikia kilio cha mtoto mchanga, nyumba ya tatu tu kutoka kwake. Aliacha kusuka. Alihesabu kitu kwa midomo yake, pengine ni pumzi, akasema, "Muzima. Amelia vizuri." Akaendelea kusuka.

Zaina, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza mwaka ule. Mimi nilisema aitwe Mama. Kaka yangu alimwachia mama yake Zaina neno, naye akasema hatamkabidhi binti yake kwa mtu aliyejishtaki mwenyewe. Msichana wa mimba ya kwanza, kama Zaina, hasemi mbele ya wakubwa. Uchungu ulipoanza wakampandisha pikipiki kwenda Kasongo, yeye katikati, dereva mbele, kaka yangu nyuma akimshika. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Walikwama kwenye tope, mtoto akaja hapohapo kando ya njia, kitovu kimejizungusha shingoni, na hakuna aliyekuwepo aliyejua kukitoa. Alikuwa mvulana. Walirudi naye amefunikwa na koti la kaka yangu.

Sisemi kwamba Mama angemwokoa. Hakuna anayejua. Lakini kila mtu msibani alikuwa anaifikiria mikono ileile, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeitaja.

Mama Mzalishaji alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye mkeka mwishoni kabisa, karibu na mahali tulipopanga viatu. Nilikwenda kumsalimu, nikamshika mkono, nikamketisha karibu yangu. Wengine walitazama kando. Baadaye aliniomba aingie kumwona Zaina. Nilimwingiza. Zaina alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mama alichuchumaa kando ya kitanda, hakumgusa.

"Mwanangu," alisema, "maziwa itakuja. Itakuumiza. Chukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu, ujikande. Usiikamue yote, itarudi mingi."

Zaina hakugeuka. Lakini alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mama yake akaja kututoa nje.

Maziwa yalikuja, kama alivyosema. Mimi ndiye niliyemkanda.

Mwezi huohuo Mama Mzalishaji aliondoka. Binti wa ndugu yake alikuwa ameolewa Salamabila na mchimbaji, akamtumia mtu wa kumchukua. Hakuaga nyumba kwa nyumba. Aliniaga mimi na Feza. Nyumba yake iliezuliwa bati na mwenye kiwanja, na mvua ikaimaliza.

Sisi tulipanda mahindi na maharagwe, kisha mboga nyingine, na ardhi ilipopumzika tukarudi kwenye nyanya, sasa kwa mbegu za kununua sokoni Kasongo. Zilikuwa nyanya nyembamba, za maji, baiskeli ilizimaliza kabla ya nusu ya safari. Tulikuwa tunashukuru hivyo hivyo. Halafu miche ikaanza kulegea upande mmoja. Ikaanza kwangu, ikaanza kwa Feza, na ikaanza kwa kijana aliyefyeka shamba jipya kabisa mlimani, mahali ambapo hakuna nyanya iliyowahi kupandwa, mtu mgeni ambaye hakuwahi kumwona Mama Mzalishaji wala mbegu zake.

Moniteri alipokuja alikaa muda mrefu kwenye shamba lile la mlimani. Aliuliza mbegu zilinunuliwa wapi. Aliuliza kama hata zamani, kabla ya ugonjwa wa kwanza, kulikuwa na mtu aliyechanganya mbegu za sokoni na zile za Mama. Tukatazamana. Walikuwepo. Mwalimu alipanda za sokoni safu mbili, kujaribu, pembeni ya kijito, juu kabisa ambako maji yanaanzia. Wengine pia.

"Basi huenda haukutoka kwake," moniteri alisema. "Mikono yake iliusambaza, labda, kama mikono yenu pia. Lakini mbegu zake huenda zilikuwa safi tu."

Niliyabeba maneno hayo kama mtu aliyebeba yai. Nilikuwa nimeanza kupeleka mawese Salamabila, na safari iliyofuata nilipanda pikipiki na madumu yangu nikiwa nayapanga maneno kichwani njia nzima. Nilifikiri namna nitakavyoyasema. Nilifikiri namna uso wake utakavyofunguka.

Nilimkuta sokoni, kwenye sehemu ya wanawake wa mboga, anauza sombe iliyotwangwa. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona alicheka, akavuta kigoda, akanawa kwenye bakuli kabla ya kunishika mkono.

"Kaa, mwanangu. Watoto?"

Nikamwambia habari za watoto wangu. Akauliza wa Feza. Akauliza wa mwalimu, wa mwuza nyama, wa yule aliyezaliwa miguu mbele. Aliwakumbuka wote namna walivyotoka, si majina yao. Aliuza sombe katikati ya maongezi, akipima kwa kopo, akiongeza kidogo juu kwa kila mtu. Nilimwuliza kama huku anazalisha. Alisema hapana. Huku hawamjui kwa kazi hiyo, na hakumwambia mtu.

Kisha nikamwambia. Nilimwambia shamba la mlimani, mbegu za sokoni, safu mbili za mwalimu, na maneno ya moniteri neno kwa neno. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akifuta mdomo wa kopo kwa kidole. Nilipomaliza alimpimia mteja mmoja sombe, hata nikafikiri hakusikia kwa kelele za soko.

"Basi zile nilichoma," alisema, "nilichoma bure?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Njia yote ile, na madumu yote yale, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Hakuna anayejua, Mama. Moniteri anasema huenda."

"Hakuna anayejua." Alilirudia kama anaonja. "Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua ni mimi, kwa hiyo zilistahili moto. Sasa unaniambia pengine zilikuwa nzima." Alitazama sombe yake. "Alinisihi niweke kidogo. Kidogo tu. Yule moniteri."

"Nilifikiri utafurahi," nilisema, na nilikuwa nalia.

"Najua ulifikiri hivyo." Aliniwekea mkono gotini. "Iko vizuri kwamba umesema. Mutu anasema yote anayojua. Ila ni nzito, mwanangu. Ile ya kwanza nilikuwa nimeizoea."

Nikamwambia arudi. Nikamwambia kwamba nitazungumza na watu, nitawaeleza, Feza atanisaidia, mwalimu atasimama kukiri safu zake. Alitikisa kichwa. Alinionyesha vidole vyake. Viungo vilikuwa vimevimba, kidole gumba hakikunjiki tena.

"Waeleze, ili wamusikilize moniteri, asipate taabu na mbegu nyingine. Lakini mimi usiniitie. Wakiniita nitakuja, na hii mikono haiwezi tena."

Dereva alikuwa ananipigia honi. Nilimkumbatia, nikachukua madumu yangu matupu. Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliponiita.

"Zaina," alisema. "Amepata mwingine?"

"Amepata, Mama. Msichana. Amezalia lopitali, yuko mzima."

"Asante Mungu." Alisita. "Na yule wa kwanza, walimupa jina?"

Nikamwambia hapana. Alizikwa upesi, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufikiri jina.

"Mimi nilimupa," alisema. "Nilikuwa nimezoea kuwaombea wale nilioshika. Yeye sikumushika, lakini nilimuweka humo katika sala, na siwezi kumuombea mutu bila jina. Namuita Sefu. Kama ni vibaya, watanisamehe."

Nilirudi nyumbani. Watu waliuliza kama nimemwona, nikasema nimemwona, ni mzima, anauza sombe. Niliwaeleza maneno ya moniteri tena, mbele ya msikiti na mbele ya kanisa, na mwalimu alisimama kama nilivyotarajia. Waliosikia walisikia.

Kwa Zaina nilikwenda mwisho. Alikuwa anamwogesha binti yake kwenye beseni uani. Nilimsaidia kumimina maji, na mtoto alipofungwa kitenge na kutulia, nikamwambia kwamba Mama Mzalishaji aliuliza habari za mvulana wake, na kwamba kule aliko anamwombea kwa jina.

"Jina gani?" Zaina aliuliza.

Nikamwambia.

Alilisema pole pole, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye ndani ya nyumba. Kisha alinipa binti yake nimshike, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.